Kugawanya Si Kukariri

Wako walimu wadhanio kwamba kugawanya ni kukariri tu: gawa, zidisha, toa, teremsha. Hasha! Mtoto wa Olympic, Kibera, aliyetumwa kuwagawia nduguze watano mandazi 17 humpa kila mmoja matatu, yakabaki mawili. Huyo amekwisha kugawanya kabla ya kushika chaki. Mbona basi darasani aitwe mjinga?

Watajitetea kwamba tangu mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure nchini Kenya, madarasa yalifurika. Kweli yalifurika, lakini vizibo vya soda vyaokotwa njiani bila senti. Vigawanywe kwanza kwa mikono, kanuni ifuate. Kanuni isiyoeleweka husahauliwa upesi, na asiyejua kugawanya hupunjwa sokoni maisha yake yote.