Hati ya uwakilishi kwa video? Zungusha kamera kwanza

Wadau, mzee wa Merti akitaka mwanawe auze ploti yake ya Isiolo mjini kwa niaba yake, husafiri barabara ya vumbi akatie sahihi hati ya uwakilishi mbele ya wakili. Mimi mwandishi wa programu nasema: simu ya video ingetosha.

Ila sahihi si tatizo. Kenya tayari inatambua sahihi za kielektroniki. Tatizo ni hiari. Kodi ya SMS inathibitisha simu tu. Je, mwana amesimama nyuma ya kamera akimtisha mzee?

Virginia, Marekani, iliyoanza huduma hii 2012, hudai rekodi itunzwe miaka 5. Sisi tuongeze: kamera izungushwe chumba kizima, mzee abaki peke yake. Mwaonaje?