Kutengwa na Kujitenga



Katika Kiswahili cha makanisani neno "kutengwa" lina sura mbili. Mshiriki aliyeanguka hutengwa, yaani huzuiliwa Meza ya Bwana hata atubu. Na papo hapo mimbarini twaambiwa kwamba kila Mkristo ametengwa kwa ajili ya Mungu. Si ajabu, basi, baadhi yetu wakiyachanganya hayo mawili, wakajitenga na majirani kana kwamba kufanya hivyo ndiyo ibada yenyewe. Baba hakanyagi msibani kwa jirani kwa kuwa huenda pombe ikanywewa huko. Watoto wakatazwa kucheza na wenzao. Jua likizama mlango hupigwa komeo. Naye ajiita mtu aliyeokoka.

Mimi napenda zaidi neno tulilolipata pwani: wakfu. Kisima kikiwekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Kimetoka mikononi mwa mwenyewe ili kila mpita njia apate kunywa. Biblia ya Kiswahili ilipohitaji neno la kumtoa mtu awe wa Mungu ililichukua hilo hilo, ambalo Waislamu walikuwa nalo zamani. Sasa kisima cha wakfu ukikizungushia ukuta, nani atakunywa?

Utazame Waraka wa Kwanza wa Petro. Sura ya pili yawaambia waamini kwamba wamechaguliwa wawe wa Mungu. Ungedhani kitakachofuata ni amri ya kuuhama mji. La, sura ya tatu yaingia nyumbani, na aya yake ya saba yamwonya mume amheshimu mkewe, sala zake zisije zikazuiliwa. Habari za kilabu cha pombe mume huyo hakuulizwa hapo.

Waliolielewa jambo hili ni watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza, walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya. Waliookoka wakati ule walitambulikana kwa kuwaendea watu: huyu alirudisha mali aliyoiba, yule alilipa deni ambalo mdai mwenyewe alikwisha kulisahau, mwingine aliungama mbele ya yule yule aliyemkosea. Wakaitana ndugu, Mwafrika na Mzungu. Sisemi hawakuwa na kasoro. Wengine walikuwa wepesi mno wa kuhukumu, wakazusha magomvi makanisani mwao.

Mmoja wao alikuwa Festo Kivengere, aliyefundisha shule Dodoma miaka mingi kabla hajawa askofu wa Kigezi, Uganda, mwaka 1972. Alizoea kusimulia kwamba siku moja alikosana na mkewe, kisha akataka kwenda kusali na wenzake. Moyoni akasikia akiambiwa arudi kwanza kwa mkewe. Akajitetea kwamba wenzake wanamngoja. Akajibiwa kwamba aweza kwenda akipenda, lakini Roho wa Mungu atabaki jikoni na mama.

Kivengere akageuka, akaenda jikoni kuomba radhi.