Madai sita yanayomchelewesha mlevi wa Sigowet kutibiwa

Huku Sigowet, Kericho, hatukosi la kusema juu ya jirani anayekunywa. Husemwa kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, kwenye harusi, hata nje ya kanisa baada ya ibada, na mara nyingi maneno hayo huishia kuwashauri jamaa zake wasubiri. Wanasubiri. Bonasi ya majani chai inaingia na kutoka, na mtu anazidi kudhoofika. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya milioni 1.3 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wana uraibu wa pombe, yaani mtu 1 kati ya 20. Tatizo hilo, basi, si la boma moja. Nimechukua madai sita yanayosikika sana kuhusu kumpeleka mtu rehab. Penye ukweli ndani yake nitaukubali.

1. "Ni pombe tu, hata babu zetu walikunywa."

Walikunywa. Wazee wa Kipsigis walizunguka chungu cha busaa wakaivuta kwa mirija mirefu, na sherehe ilikuwa na siku yake na watu wake. Lakini busaa ni nafaka iliyochachushwa, kilevi chake ni kidogo. Chang'aa hupikwa, mvuke wake ukakusanywa, na kilevi chake huzidi cha busaa mara nyingi. Wapo wanaojitetea kwamba serikali iliihalalisha mwaka 2010. Sheria ile ilitaka mtengenezaji awe na leseni, na chang'aa iuzwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Ile ya mama pima, anayeiuza kwa kuipima kikombe kwa kikombe, haimo. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui na Kiambu. Februari 2024 msiba kama huo ukapiga Kirinyaga. Babu aliyekunywa siku ya tohara hamtetei mjukuu anayeanza alfajiri kabla hajaenda kuchuna.

2. "Mwanamume wa kweli huacha mwenyewe."

Dai hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu linaweza kuua. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka hujipanga upya ili ufanye kazi ndani ya kilevi. Kilevi kikikatwa ghafla, ubongo unabaki umechachamaa bila breki. Katika saa chache mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humpotea. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, hupandwa na homa, na mapigo ya moyo hukimbia. Hali hiyo isipotibiwa huua. Majirani watasema amerogwa, au pepo wa pombe wanamtoka, kumbe alihitaji kitanda cha hospitali.

Hospitalini daktari humpa dawa ya kutuliza kama diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Kwa hiyo mtu anayetetemeka kila asubuhi mpaka apate kikombe, au aliyewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha, asifungiwe chumbani "mpaka imtoke". Apelekwe kwanza Hospitali ya Rufaa ya Kericho au hospitali nyingine yenye daktari. Jamaa waseme bila kuficha anakunywa au kuvuta nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kitabibu, aliyezoea chang'aa na aliyezoea bangi hawatibiwi sawa.

3. "Ngoja mpaka akubali mwenyewe."

Ukweli uliomo ni kwamba moyo wa mgonjwa una uzito. Kosa ni kudhani moyo huo hauguswi na yeyote. Mwaka 1999, nchini Marekani, William Miller na Robert Meyers walilinganisha njia tatu za kuwasaidia jamaa za walevi waliokataa matibabu. Familia zilizofundishwa kumsifu na kumkaribia akiwa hajalewa, kuacha kumlipia madeni ya pombe, na kuchagua saa ya utulivu ya kumpa nafasi ya kutibiwa, zilifanikiwa kumwingiza katika matibabu mara 64 kati ya 100. Waliomkalisha na kumkabili kwa pamoja walifaulu mara 30, na waliofundishwa kumwachia tu, mara 13.

Kwa lugha ya nyumbani: mama asimlipie mama pima deni, na asimtukane usiku akiwa chakari. Amngoje asubuhi, amwambie, "Mwanangu, kesho kuna nafasi hospitalini, nitakwenda nawe." Gari liwe limeshapatikana. Akikubali saa tatu, saa nne awe njiani, maana kufikia jioni atakuwa amebadili nia.

4. "Rehab ni jela, watampiga."

Vipo vituo vibaya, na anayeogopa hajakosea. Dawa ya hofu hiyo ni kuchunguza kabla ya kulipa. Iulize NACADA kama kituo kimeidhinishwa. Simu yake 1192 haina malipo. Nenda ukakione kwa macho yako, na uulize. Nani hutoa dawa, na ni daktari au muuguzi wa zamu gani anayesimamia siku za kwanza? Washauri wana vyeti gani? Jamaa huruhusiwa kumwona lini? Kituo kinachojitolea kutuma vijana wamkamate usiku na kumfunga kamba, kipite. Kinachokukataza kuona vyumba, kipite pia. Kituo kizuri kina ratiba ya siku nzima: matibabu, ushauri wa ana kwa ana, vikao vya pamoja, kazi ndogondogo, na siku ya familia.

Tena, si kila mlevi anahitaji kulala huko. Mwenye kazi, nyumba tulivu na mwili usio na hatari ya kifafa anaweza kutibiwa huku akirudi kwake jioni.

5. "Aokoke, maombi yanatosha."

Kanisa limewainua wengi huku, wala sibishani na imani ya mtu. Nabishana na kuitumia imani kumfungia daktari mlango. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanza Akron, Marekani, mwaka 1935, humtaja Mungu katika hatua zake kumi na mbili. Hata hivyo kitabu chake cha mwaka 1939 kilitanguliza maoni ya daktari, William Silkworth. Mmoja wa waasisi wake wawili, Bob Smith, alikuwa daktari wa upasuaji na mlevi vilevile. Mchungaji anayetaka kusaidia aombe, kisha apande gari pamoja na familia.

6. "Pesa zitapotea, atarudia tu."

Gharama ni mzigo kweli, kwani kukaa kituoni kwa kawaida huchukua miezi kama mitatu. Waulize kwanza SHA, mamlaka ya bima ya afya, wanalipia nini na kituo gani kina mkataba nao. Kama familia inasubiri bonasi, ipange kabla haijaingia, kwa kuwa ada ya pombe hailipwi mara moja: hulipwa kila siku, kwa kilo za majani, kwa ng'ombe, kwa karo.

Kuhusu kurudia, mwaka 2000 Thomas McLellan na wenzake walieleza katika jarida la JAMA kwamba mwaka mmoja baada ya matibabu, asilimia 40 hadi 60 ya waliotibiwa huwa hawajagusa kabisa, na asilimia 15 hadi 30 zaidi hawajarudia uraibu. Wagonjwa wa shinikizo la damu nao hurudi kliniki kila mwaka, na hakuna anayesema vidonge vyao ni pesa zilizopotea.

Anayerudi kutoka kituoni huanguka zaidi akirudi mikono mitupu kwa marafiki walewale. Kabla hajatoka, familia iwe na majibu: atalala wapi, atafanya kazi gani, mshahara wake utapitia mkono wa nani kwa miezi ya kwanza, na kliniki yake ni siku gani. Akiteleza, arudishwe kwa daktari wiki hiyohiyo. Matanga ya lawama hayajawahi kumtibu mtu.