Kimya cha mashini si salama

Juma hili tunaacha kidogo masomo ya watoto, tuongee juu ya ordinateri ya nyumbani.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana kina sanduku la kufuli tatu, na wamama watatu wanashika funguo. Hesabu tunaziandika pia katika mashini iliyo nyumbani mwetu. Kila siku ya posho, saa mbili usiku, mashini ilipaswa kunakili hesabu kwenye flashi, kisha kutuma barua pepe kwa wale wamama watatu: nakala imefanyika, ao haikufanyika.

Mwanzoni barua ilifika vizuri. Kisha ikanyamaza. Kila mmoja akafikiri mwenzake ameipata, ao kwamba bila barua hakuna shida. Siku diski ilipokufa, tukafungua flashi: nakala ya mwisho ilikuwa ya majuma matano nyuma. Tulikaa siku mbili tukirudisha hesabu kutoka vitabu vidogo vya wanamemba. Mama mmoja alikuwa amepoteza cha kwake. Alisimama mbele ya wote akiapa juu ya pesa zake mwenyewe. Aibu ile haikuwa yake, ilikuwa yetu. Wazee walisema: kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Tuliweka diski mpya, tukapanga kazi upya, na posho ya kwanza tu barua haikufika tena. Ndipo tukatafuta. Kumbe saa mbili usiku ndiyo saa umeme unakatika mtaani. Mashini inabaki kwa batri, na kazi iliyopangwa haianzi kwa batri mpaka mtu aondoe alama katika masharti yake. Hatukuwa tumeyasoma.

Ikiwa kwenu pia ripoti haifiki, anzeni upande wa mashini, mmalizie upande wa anayepokea.

Kwanza, je, mashini ilikuwa imewashwa saa ile? Katika Windows fungueni «Planificateur de tâches». Mtaona kazi ilifanyika lini mara ya mwisho, na ilimalizika namna gani. Hapo pia mnaweza kuruhusu ifanyike kwa batri, na ifanyike baadaye ikiwa saa yake ilipita.

Pili, je, mega zilikuwapo? Mtazame pia tarehe ya mashini. Batri ndogo ya mviringo iliyo ndani, mara nyingi CR2032, ikikufa, tarehe inarudi nyuma miaka, na intaneti inakataa kufunga njia salama ya kutuma barua.

Tatu, neno la siri. Mkilibadilisha katika telefone, programu ya mashini inabaki na lile la zamani. Kwa wenye Gmail, tangu tarehe 30 Mei 2022 neno la siri la kawaida pekee halitoshi kwa programu za namna hiyo. Inafaa kuwasha uhakikisho wa hatua mbili, kisha kuomba neno la siri la programu, lenye herufi 16.

Nne, sanduku la anayepokea. Tazameni katika «Spam» ao «Courrier indésirable». Gmail inafuta vilivyo humo kisha siku 30, basi msikawie. Tena Gmail ya bure ina nafasi ya giga 15, pamoja na picha. Ikijaa, barua mpya haziingii.

Kisha kila hatua, anzisheni kazi kwa mkono na mngojee barua. Msibadilishe mambo matatu kwa mara moja, hamtajua lipi liliponya.

Sisi tumehamisha kazi hadi saa nne asubuhi. Tena mashini inatuma ripoti hata ikiwa yote ni mazuri, sababu ile inayosema tu wakati wa shida, ikikufa haisemi kitu. Na kila siku ya yenga mama mwenye zamu anaambia wenzake neno moja: «imefika» ao «haijafika». Kwetu «haijafika» ina uzito sawa na «imeharibika». Siku ileile tunatazama flashi.

Juma lijalo tutarudi shuleni: mtoto anayeogopa kusoma kwa sauti. Kazi njema, wamama.