Kifaransa kiko jirani: mzazi wa Runazi na barua ya safari ya shule



Mzazi wa Kiislamu aliyeko Runazi, pande hizi za Biharamulo na Ngara, huenda siku moja akaletewa barua ya shule na binti yake wa kidato cha tatu. Barua inasema kwamba wanafunzi wa Kifaransa watakwenda Burundi kwa siku chache ili waisikie lugha wanayojifunza ikizungumzwa na wenyewe. Inamtaka mzazi aridhie kwa saini, achangie nauli na alete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Barua ya namna hiyo huzua maneno nyumbani. Baba huuliza Kifaransa kitamfaa nini mtoto ambaye hata Juzuu Amma hajaihifadhi yote. Bibi huuliza mjukuu wake atalala wapi. Mama hunyamaza, kwa kuwa anajua kwamba cheti cha kuzaliwa hakipo. Tuyatazame maswali hayo moja baada ya jingine, tukijua kwamba lile la mama, ambalo halikutamkwa, ndilo zito kuliko yote.

Tuanze na baba. Kujifunza lugha ya watu wengine si jambo geni katika dini yetu. Surat Ar-Rum inataja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alimwagiza kijana wake Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aweze kuandika na kusoma barua zao, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi. Leo Kifaransa ni lugha ya masomo na ofisi kwa Waislamu wengi wa Senegal na Guinea. Huko Komoro, kwa ndugu zetu wa karibu, ni mojawapo ya lugha tatu rasmi pamoja na Kikomoro na Kiarabu. Hivyo mtoto anayejifunza lugha hii haiachi jamii yake, bali anaufungua mlango mwingine wa jamii hiyo hiyo. Juzuu Amma nayo isingoje: ihifadhiwe kabla ya safari, ndani ya safari na baada ya safari.

Wako wanaodhani kwamba Kifaransa kiko Paris, na kwa hiyo safari yake ni ya watoto wa wenye mali. Mkazi wa Runazi hana haja ya kufika mbali hivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zilikuwa chini ya Mjerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Rwanda na Burundi, na vita vilipokwisha Mbelgiji akazishika nchi hizo mbili, Mwingereza akaishika Tanganyika. Tangu hapo watoto wa jamii zinazosikilizana kwa lugha za nyumbani wakasomeshwa lugha mbili tofauti za kigeni, huyu Kiingereza na yule Kifaransa, kwa sababu ya mstari uliochorwa na watu wa mbali.

Barabara inayotoka Lusahunga kuelekea magharibi hugawanyika njiani: tawi moja hufika Rusumo na kuingia Rwanda, jingine hupita Ngara na Kabanga hadi Kobero, Burundi. Rwanda ilianza mwaka 2008 kuhamishia masomo yake katika Kiingereza, ingawa Kifaransa kimebaki kuwa lugha rasmi. Burundi bado inasomesha watoto wake wa sekondari kwa Kifaransa, na lugha hiyo ndiyo inayotawala katika ofisi nyingi za serikali. Kwa hiyo mwanafunzi wa pande hizi atafute Kifaransa kwa njia ya Kobero.

Hata hivyo, pana jambo ambalo walimu na wazazi wasilisahau. Ukaribu huo huo unaorahisisha safari unaweza kuipotezea faida. Kihangaza na Kishubi vinakaribiana mno na Kirundi, kwa hiyo mtoto wa Ngara au Biharamulo akiingia sokoni Muyinga atanunua ndizi na kurudishiwa chenji bila kutamka neno moja la Kifaransa. Akifika Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi wenye Waislamu wengi, atasalimiwa kwa Kiswahili, atakaribishwa msikitini kwa Kiswahili na atalishwa kwa Kiswahili. Atarudi amefurahi sana, na Kifaransa chake kitakuwa pale pale kilipokuwa.

Basi mzazi anayeombwa mchango ana haki ya kumuuliza mwalimu watoto watazungumza Kifaransa na nani, wapi na kwa saa ngapi kila siku. Jibu jema ni shule kutembelea shule: wanafunzi wetu wakae darasani na wenzao wa Burundi, wasikilize somo la jiografia au la hisabati likifundishwa kwa Kifaransa, kisha wajieleze mbele ya darasa hilo. Wapelekwe Gitega, mji mkuu wa nchi hiyo, kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, wakaelezwe kwa Kifaransa habari za wafalme na ngoma zao. Wanunue gazeti la Kifaransa kama Le Renouveau na kulisoma kwa pamoja jioni. Kila mmoja awe na daftari la maneno mapya. Ratiba isiyo na mambo ya namna hii ni matembezi tu, na mzazi asione haya kuyaita hivyo.

Sasa tumjibu bibi. Swali la mahali pa kulala si la kizamani, wala lisichekwe. Wanazuoni wengi wanashikilia kwamba mwanamke asisafiri safari ndefu bila maharimu. Wako waliokubali kundi la wanawake waaminifu katika Hija ya faradhi, na baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameipanua ruhusa hiyo kwa safari nyingine zenye amani. Familia imuulize sheikh wake inayemwamini na ifuate anayoyasema, lakini imuulize mapema, si usiku wa kuamkia safari. Aidha, jambo lina njia ya kati ambayo shule nyingi zingeifurahia: baba, kaka au mjomba wa mwanafunzi aandamane na msafara kwa nauli yake mwenyewe. Wawepo pia walimu wa kike, malazi ya wasichana yawe mbali na ya wavulana, na namba ya simu ya mwalimu mkuu wa msafara iachwe kwa kila mzazi. Na masharti ya adabu yasiwe ya binti peke yake. Mvulana naye ana macho ya kuyainamisha na sala za kuzitunza.

Kuhusu sala, mtoto afundishwe fikihi ya msafiri kabla ya kuondoka: safari ikitimiza masafa yanayotajwa na wanazuoni, Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili. Ajue kuuliza kibla na kuuliza nyama imechinjwa na nani. Ayajue maswali hayo kwa Kifaransa! Hapo lugha na dini zitakuwa zimesaidiana.

Tusijidanganye pia kwamba hofu ya baba haina msingi. Mwandishi wa Senegal, Cheikh Hamidou Kane, aliitunga hofu hiyo katika riwaya yake ya Kifaransa L'Aventure ambiguë ya mwaka 1961. Samba Diallo, mwanafunzi hodari wa chuo cha Qur'ani, anapelekwa shule ya Wafaransa baada ya wakubwa wa ukoo kubishana sana, kisha anafika Paris, na huko anaanza kupoteza utulivu wa imani aliyolelewa nayo. Mzazi atakayezipata habari zake ataona kwamba kijana yule hakuharibiwa na sarufi ya Kifaransa. Alibaki peke yake mbali, bila mtu wa kumuuliza yale aliyoyaona. Mtoto wetu akirudi kutoka Burundi asiulizwe tu kama alikula vizuri. Aketishwe, asikilizwe, aulizwe kilichomshangaza.

Tumebaki na mama aliyenyamaza. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kupata hati ya kusafiria bila cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa wazazi na ridhaa yao. Pasipoti ya kawaida ada yake ni shilingi 150,000, nayo kwa familia nyingi za wakulima ni fedha nyingi. Iko pia hati ya dharura ya safari kwa nchi jirani, yenye gharama ndogo zaidi. Lakini kwa hati yoyote kati ya hizo, asiye na cheti amekwama mlangoni.

Kwa watu wa mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Mwezi Aprili 1994 takribani watu robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja, wakapokelewa Benaco, Ngara. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasaka wahamiaji wasio na vibali katika mkoa huu, na familia zikatakiwa kueleza zilikotoka. Katika nchi ya namna hiyo, karatasi ya RITA ni ngao ya mtoto. Atakayeikosa leo hatakosa safari ya Kifaransa peke yake. Kesho itatakiwa kwenye mkopo wa chuo, kitambulisho cha taifa na ajira.

Tena inaumiza zaidi pale mtoto mwenye bidii kuliko wote darasani anapobaki kijijini akiwapungia mkono wenzake, si kwa sababu baba yake alikataa wala sheikh alizuia, bali kwa sababu hakuna aliyekwenda kumwandikisha miaka 16 iliyopita. Ndugu mzazi, usiingoje barua ya shule. Fungua sanduku leo, hesabu vyeti, na kwa kila mtoto asiye na cheti, panga siku ya kwenda wilayani na tangazo la kizazi, kadi ya kliniki au cheti chake cha kumaliza darasa la saba. Viongozi wa msikiti nao watangaze jambo hili baada ya sala ya Ijumaa na kuwasaidia wajane na wazee wanaolea wajukuu.

Kobero haiko mbali. Tukiwaandaa watoto wetu kwa elimu, kwa adabu na kwa karatasi zao, watakwenda na kurudi salama, insha-Allah, wakiwa na lugha moja zaidi ya kumshukuru Mola wao.

Wabillahi tawfiq.