Dhahabu Tunaipima, Filamu Tunazitupa

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alipofariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, msiba wake ulikuwa wa taifa. Viongozi na wavuja jasho walisimama pamoja. Leo mwanafunzi wa Shinyanga akitaka kuzitazama upya *Oprah*, *Uncle JJ* au *Devil Kingdom*, kwa ubora ule uliotoka nao sokoni, aende ofisi gani ya umma?

Ataambiwa azitafute YouTube. Jibu hilo ni la kujivua wajibu. Nakala nyingi za mtandaoni zimepandishwa na watu wasiojulikana, zimekatwa vipande, na orodha ya walioshiriki imeondolewa. Zinaweza kufutwa kwa usiku mmoja, na hakuna Mtanzania atakayeulizwa. Diski zenyewe zinachunika makabatini, wakati kompyuta mpya hazina hata sehemu ya kuziingiza.

Wapo wasomi wanaouliza kwa dharau: kwani kuna cha kuhifadhi? Sauti mbovu, taa hafifu, hadithi za kufanana! Hoja hii haina mashiko. Nyaraka hazihifadhiwi kwa sababu ni nzuri. Filamu za miaka ya 2000 zimebeba Kiswahili cha mitaani cha wakati ule, nyumba zetu, simu zetu, hofu yetu ya uchawi na tamaa yetu ya utajiri wa ghafla. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua tulijionaje wakati migodi mikubwa ilipofunguliwa kanda hii, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka uliofuata, hataridhika na ripoti za uzalishaji pekee. Atataka pia kujua mchimbaji alitazama nini jioni katika kibanda umiza, kwenye benchi la mbao, jenereta likinguruma nje. Atataka kusikia hata kanda za kigeni zilizotafsiriwa na akina Lufufu, ambazo zilikuwa sanaa yetu juu ya sanaa ya wengine.

Dola nayo haiwezi kujitoa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 imeipa mamlaka ya kuikagua filamu kabla haijaonyeshwa hadharani. Mwenye haki ya kuizuia filamu isizaliwe ana wajibu pia wa kuhakikisha haifi kimyakimya.

Tutaelezwa kwamba fedha hakuna. Hapa ndipo Kanda ya Ziwa haina kisingizio. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili dhahabu ya mchimbaji mdogo ipimwe na iandikwe. Aidha, tangu marekebisho ya mwaka 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, kwa kukubaliana na halmashauri husika. Sheria inataja mazingira, jamii, uchumi, na pia utamaduni. Neno hilo la mwisho halikuwekwa kama pambo. Simpingi anayetaka madarasa na zahanati; napinga mazoea ya kuusoma utamaduni kama neno lisilokuwepo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, halmashauri zenye migodi, zikiwamo za Geita, Msalala na Kishapu, zitenge sehemu ndogo ya mipango hiyo kwa ajili ya kukusanya kanda na diski na kuzihamishia katika mfumo wa kidijitali. Pili, maktaba za mikoa zipewe nakala na chumba cha kutazamia, bila kiingilio. Tatu, kazi hiyo ifanywe kwa makubaliano na wenye haki, na wasanii au warithi wao walipwe. Wengi wa enzi ile waliuza haki zao zote kwa malipo ya mara moja. Uhifadhi usiwe dhuluma ya pili.

Wanafunzi, ombeni kuiona mipango hiyo. Nawe mtumishi wa halmashauri unayeiandaa, fungua kifungu cha 105 kabla ya kikao kijacho, kisha uwaeleze madiwani ni shilingi ngapi zimeandikwa mbele ya neno utamaduni.