Medaye ya Gärderud haikuwa ya bure

Kuna neno moja wapenzi wa mbio wanapenda kurudilia: ati Anders Gärderud wa Uswidi alipata medaye ya zahabu ku Montreal mu mwaka 1976 juu Wakenya hawakukuwa pale. Mimi ninakatala. Nusu ya ile neno ni kweli, na ile nusu inanikasirisha sana, lakini haiko juu ya Gärderud.

Tuangalie mbio yenyewe. Ni metre 3.000, na mabariere 28, na shimo ya maji mara 7. Ile bariere ni mbao nzito, ukiigonga haianguki, wewe njo unaanguka. Ku Mexico mu 1968 zahabu ilienda kwa Amos Biwott wa Kenya, ku Munich mu 1972 ikaenda kwa Kipchoge Keino. Gärderud alikuwa kule mara zote mbili, na mara zote mbili hakufika hata ku fainali. Siku chache tu kisha Munich, akaenda Helsinki, akavunja rekodi ya dunia! Mutu wa vile ni rahisi kumucheka. Mu 1974, ku mashindano ya Ulaya kule Roma, Bronisław Malinowski wa Poland akamupita tena.

Lakini mu 1975 akashusha rekodi ya dunia mara mbili mu juma moja. Mbele yake ile rekodi ilikuwa ya Ben Jipcho, Mukenya. Kisha ikafika Montreal. Ku bariere ya mwisho kabisa, Frank Baumgartl wa Ujerumani ya Mashariki alikuwa karibu kumushika, akajikwaa, akaanguka. Malinowski akamuruka. Kijana akainuka, akakimbia, akapata shaba hata vile. Gärderud alikuwa amekwisha kwenda: dakika 8, sekonde 8 na nukta 02. Hakuna mutu, wa Kenya ao wa wapi, aliyekuwa amekimbia vile. Na tusisahau: Keino na Jipcho walikuwa wameingia mu mbio za kulipwa, na sheria ya wakati ule ilikataza watu wa kulipwa. Hata Kenya ingekuja, wao hawangekimbia.

Sasa ile nusu ya kweli. Inaitwa Henry Rono. Kenya ilikuwa imemuchagua. Kisha wakubwa wa nchi zaidi ya 20 za Afrika wakaondoa ekipe zao, juu timu ya rugby ya New Zealand ilienda kucheza Afrika ya Kusini, mwaka ule ule watoto wa Soweto walipigwa risasi. Sababu ilikuwa ya haki, siirudie nyuma. Lakini deni nani alilipa? Haiko mawaziri. Mutu yeyote aliyefanya grève ku mugodi anajua: kuna wenye kutia sinyatire, na kuna wenye kurudia ku nyumba mikono mitupu mwisho wa mwezi.

Mu 1978 Rono akakimbia dakika 8, sekonde 5 na nukta 4. Mu 1980 Kenya haikuenda Moscow. Mutu mwenye rekodi ya dunia hakukimbia Olimpiki hata siku moja.

Ukisema Gärderud aliokota medaye, umemunyanganya jasho yake, na Rono haukumurudishia kitu. Wenye kuongoza michezo ya Afrika wawaite wale wakimbiaji wa 1976 wangali wazima, wawape heshima mbele ya watu, na pesa pia kama iko. Kwa Rono wamechelewa, alikufa mu 2024.

Na rekodi ya Gärderud mu Uswidi? Ilikaa miaka 31. Mu 2007, ku Heusden-Zolder mu Ubelgiji, iliondolewa na Mustafa Mohamed, mwenye kuvaa maillot ya Uswidi: dakika 8, sekonde 5 na nukta 75. Alizaliwa Mogadishu.